Mlipeni Fundi kwa Kupima

Mazda RX-8 ikianza kumisi, mwenye gari hupewa hukumu moja kati ya mbili hata kabla boneti haijapoa. Ya kwanza ni nyepesi: plagi hizo, badilisha plagi na koili uendelee na safari. Ya pili ni nzito: injini imekwisha, hizi injini za rota ndivyo zilivyo, tafuta nyingine au uza gari kama lilivyo. Zote mbili zinaweza kuwa kweli, na hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu ya kwanza ni matengenezo ya kawaida na ya pili inaweza kuzidi bei ya gari zima, ilhali anachokisikia dereva ni kilekile: injini inatetemeka kwenye sailensa, inakosa nguvu mlimani, taa ya cheki injini inawaka. Ninachodai ni kwamba kinachotenganisha hukumu hizo mbili ni kipimo, kwamba kipimo hicho kinawezekana hata kwenye gereji zetu za mtaani, na kwamba hakifanyiki kwa sababu sisi wateja hatutaki kukilipia. Tunalipia spea iliyofungwa. Saa mbili za kutafuta ubovu tunaziita kuangalia tu, na kuangalia tunataka kuwe bure.

Injini yenyewe kwanza, maana ndiyo inayofanya kubahatisha kuwe ghali. Haina pistoni wala valvu. Ndani yake kuna rota mbili zenye pembe tatu, kila moja ikizunguka kwenye nyumba yake, na kila upande wa rota ni chumba cha kuchomea. Kwa hiyo injini ya cc 1308 ina vyumba sita. Kinachozuia kompresheni isivuje kutoka chumba kimoja kwenda kingine ni vipande vyembamba vya chuma vilivyopachikwa kwenye kila ncha ya rota, pamoja na sili nyingine za ubavuni. Mjerumani Felix Wankel na kampuni ya NSU waliiwasha injini ya kwanza ya aina hii mwaka 1957, na tangu siku hizo sili za ncha ndizo zimekuwa kidonda chake. NSU ilipotoa Ro 80 mwaka 1967, gari lilisifiwa kote Ulaya, kisha injini zikaanza kurudi kiwandani. Ubovu wa sili ulikuwa wa kweli, ila uliongezewa uzito na mawakala na mafundi ambao hawakuielewa injini waliyoletewa. Haya yalitokea Ujerumani, nyumbani kwa walioibuni, kwa hiyo anayedhani kwamba kubahatisha ni ugonjwa wa gereji za Afrika peke yake akumbuke hilo. Mwaka 1969 NSU ikaingia mikononi mwa Volkswagen. Mazda, chini ya mhandisi Kenichi Yamamoto, iliendelea na rota mpaka ikafika kwenye RX-8, iliyotengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012 ikiwa na injini iliyopewa jina la Renesis.

Wanaosema plagi na koili wana sababu nzuri ya kusema hivyo. Kila rota ina plagi mbili, kila plagi ina koili yake, na kila koili hupiga cheche kila shafti kuu inapozunguka mara moja. Kwenye injini ya kawaida ya pistoni, koili iliyokaa juu ya plagi yake hupiga mara moja kwa mizunguko miwili, yaani nusu ya kazi hiyo. RX-8 ya gia sita za mkono inaruhusiwa kufika raundi 9,000 kwa dakika, na hapo kila koili inatoa cheche 150 kwa sekunde. Si ajabu zinachoka mapema. Tena zinachoka kwa hila: asubuhi injini ikiwa baridi gari linakwenda vizuri, ukifika mlimani likiwa na joto na abiria ndipo linaanza kukosa. Kwa hiyo fundi anayeshuku koili kwanza hajakosea. Kosa linakuja anapozishuku na kuzibadilisha katika pumzi moja, wakati kuzithibitisha hakuhitaji hata senti ya spea. Kwenye kompyuta ya gari, msimbo P0301 unaelekeza kwenye rota ya mbele na P0302 kwenye ya nyuma. Ukikuta P0301, hamisha koili mbili za mbele ziende nyuma, za nyuma zije mbele, futa msimbo, liendeshe gari mpaka limisi tena. Msimbo ukihamia P0302, koili ndizo. Ukibaki P0301, koili zimetakata na ubovu uko kwingine: kwenye waya, plagi, petroli, hewa inayovuja, au ndani kabisa. Plagi nazo zinahamishika vivyo hivyo, mradi fundi ajue kwamba ya chini na ya juu kwenye rota moja si za aina moja, na kuzichanganya ni kuongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Haraka ya kupima inatokana na jinsi ubovu mdogo unavyozaa mkubwa kwenye injini hii. Cheche ikikosekana, petroli iliyoingia chumbani haiungui. Sehemu yake inaosha utando wa oili kwenye kuta, na utando huo ndio pekee uliokuwa ukizilinda sili. Inayobaki inatoka na moshi na kwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi, ambayo hayakuumbwa kuwa tanuri. Masega yanayeyuka na kuziba, moshi wa moto unakosa njia, joto linarudi nyuma kwenye injini na kuzimalizia sili. Ndiyo maana taa ya cheki injini ikianza kupepesa badala ya kuwaka tu, dereva anatakiwa kuondoa mguu kwenye mafuta na kutafuta pa kusimama, asiseme nitafika nayo nyumbani. (Wako wanaotoboa masega na kuamini wametibu. Wameondoa kizuizi, lakini petroli mbichi bado inaosha kuta.) Gari lililoanza na koili iliyochoka linaweza, baada ya miezi ya kuvumiliwa, kuishia na injini iliyokufa, na katika safari yote hiyo sauti anayoisikia dereva haibadiliki sana. Huwezi kujua liko hatua gani ya safari bila kupima.

Kipimo kinachoamua ni cha kompresheni, na hapa pana mtego unaonasa hata mafundi wazuri. Kipima kompresheni cha kawaida, kile kinachosokotwa mahali pa plagi, kina kivalvu cha kushikilia namba ya juu kabisa iliyofikiwa. Kwenye silinda ya pistoni hakuna ubaya, maana tundu moja la plagi ni la chumba kimoja. Kwenye rota, tundu moja linapitiwa na pande tatu kwa zamu, na mshale unabaki kwenye namba ya upande uliofanya vizuri kuliko wenzake. Rota yenye upande mmoja mzima na miwili iliyokufa itatoa namba ya kuridhisha. Fundi atamwambia mteja, kwa nia njema kabisa, kwamba kompresheni ipo, na mteja atakwenda kununua koili nne. Kipima kilichotengenezwa kwa ajili ya rota husoma kila upande peke yake, husoma pia stata ilikuwa ikizungusha injini kwa kasi gani, kisha hurekebisha namba ziwe kana kwamba injini ilizungushwa kwa raundi 250 kwa dakika, ili betri dhaifu isiisingizie injini ubovu. Kwa Renesis, Mazda iliweka kilopaskali 830 kuwa kiwango cha kawaida na 680 kuwa ukingo wa kuvumilika. Tofauti kati ya pande za rota moja isizidi 150, na kati ya rota na rota isizidi 100.

Namba sita hizo zinasema mengi kuliko neno nzima au mbovu. Pande mbili za rota moja zikiwa chini na wa tatu ukiwa juu, mshukiwa ni sili ya ncha inayozitenganisha hizo mbili, kwa kuwa ikivuja inawaibia majirani wote wawili. Ukiwa chini mmoja tu, tazama sili za ubavu wa upande huo. Zikishuka zote tatu kwa pamoja, ni uchakavu wa jumla, au ni masizi yaliyozigandisha sili kwenye mifereji yake, na hilo la pili wakati mwingine huondoka bila injini kufunguliwa. Kisha kuna jambo ambalo msomaji wa Dar es Salaam anaweza kuliruka lakini wa Nairobi asiliruke. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Injini hugandamiza hewa inayoipata. Injini ambayo ingesoma 750 Mombasa, yaani nzima na ina miaka mbele yake, itasoma kama 615 ikipimwa Nairobi, chini kabisa ya ukingo wa 680, ingawa hakuna kitu kilichoharibika ndani yake. Asiyefanya hesabu hiyo ataizika injini hai. Na dalali anayeifahamu ataitumia upande wa pili, kuisingizia milima ubovu wa injini ambayo imekufa kweli.

Nitaambiwa kipima hicho maalumu hakipatikani mtaani. Ni kweli ni adimu. Lakini nusu ya habari inayotolewa na kile maalumu inapatikana kwa kipima cha kawaida ambacho fundi anacho tayari, akibonyeza na kuendelea kushikilia kitufe cha kuachia hewa, au akikitoa kile kivalvu. Stata ikizungusha, mshale hausimami. Unaruka, unaruka, unaruka, mruko mmoja kwa kila upande wa rota. Rekodi kwa simu, kisha itazame video taratibu. Miruko mitatu inayolingana ni habari njema. Mruko mmoja mrefu ukifuatwa na mifupi miwili ni jibu tosha. Namba zenyewe hazitakuwa za kuaminika, kwa sababu mshale hauwahi kufika kileleni kabla haujarudi, ila ulinganifu unaonekana. Wapo mafundi wanaoondoa plagi moja kwenye rota na kusikiliza pumzi zikitoka tunduni, na wakikuambia pumzi ya tatu haipo, waamini. Sikio linatosha kugundua upande uliokufa. Halitoshi kutofautisha injini ya 720 na ya 640, na kati ya namba hizo mbili kuna tofauti kubwa ya bei.

Pingamizi la pili ni la kompyuta: si mashine imeshasoma, kwa nini tena tupime kwa mkono? Mashine imesoma kilichotokea, haijasoma sababu. Kompyuta ya gari hugundua kumisi kwa kufuatilia sensa inayosoma mwendo wa shafti kuu. Shafti ikipungua kasi kidogo mahali ambapo ilitakiwa kusukumwa, inahesabu chumba hicho hakikuwaka. Kwa nini hakikuwaka, haijui. Tena kwenye RX-8 sensa hiyo ina ramani ambayo kompyuta inatakiwa kujifunza upya baada ya kazi fulani kufanyika, na wenye magari haya wanajua utaratibu wake: ufunguo ukiwa umewasha mitambo bila kuwasha injini, kanyaga breki mara 20 ndani ya sekunde 8, mpaka mshale wa oili kwenye dashibodi ucheze. Fundi asiyejua hili anaweza kuhangaika siku nzima na msimbo usio na ugonjwa nyuma yake. Kuchomeka mashine, kusoma msimbo kwa sauti na kutaja spea hakujawa upimaji bado.

La tatu ndilo lenye nguvu zaidi. Mtu atauliza: ikiwa koili huchoka mapema kiasi hicho, na gari lina umri huu, kwa nini nisibadilishe zote nne pamoja na plagi na waya, badala ya kulipia upimaji ambao mwisho wake utaniambia nibadilishe vilevile? Kwa gari ambalo umri wa koili zake haujulikani, nakubali kwamba kuzibadilisha ni busara hata bila dalili. Ninachopinga ni mpangilio. Aliyepima kwanza na kukuta injini iko vizuri, akanunua koili, amenunua kinga ya injini nzuri. Aliyenunua koili kwanza na baadaye akagundua rota ya nyuma ina upande uliokufa, ameweka fedha kwenye gari ambalo lilihitaji uamuzi mwingine kabisa, na fedha hiyo hairudi hata gari likiuzwa. Halafu kuna spea bandia. Koili ya bei ya kutupa inaweza kuwa dhaifu tangu ikiwa kwenye boksi, na mtu aliyebadilisha bila kupima, gari likaendelea kumisi, atafikia uamuzi kwamba si koili na kuelekea kwenye injini. Bila msingi wa kipimo, kila jaribio jipya linachafua ushahidi wa lililotangulia.

Sasa turudi kwenye fedha, maana hapo ndipo lawama inapotuhusu. Gereji nyingi za kwetu hulipwa kwa kufungua na kufunga. Fundi aliyetumia mchana mzima akihamisha koili, akipima kompresheni na kusikiliza hewa inayovuja, kisha akarudi kwa mteja na kusema ni waya mmoja umelika, hulipwa bei ya waya na shukrani. Jirani yake aliyefunga koili nne bila kufikiri amelipwa ufundi, na pengine amepata chake dukani pia. Tukishapanga malipo hivyo, tusishangae tunapata mafundi hodari wa kufunga. Nimesikia ikisemwa kwamba haya ni matatizo ya wenye gari la anasa. Ingekuwa hivyo kama RX-8 zingekuwa bado ghali. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo RX-8 ya mwisho kuingia nchini humo iliingia zamani na zilizopo zinabadilishana mikono ndani ya nchi. Tanzania huruhusu magari makuukuu lakini huyatoza zaidi. Katika soko la namna hiyo, bei hushuka mpaka gari linafikiwa na kijana mwenye akiba ya kwanza maishani, na kumbukumbu za matengenezo zinakuwa zimepotea wamiliki watatu nyuma. Huyo ndiye asiyeweza kumudu kubahatisha. Mazda yenyewe ilipoona injini zinavyorudi Marekani, ilirefusha dhamana ya kiini cha injini hadi miaka minane au maili 100,000. Dhamana hiyo haikuvuka bahari kuja na magari ya mtumba.

Kwa mnunuzi, kupima kunaanza kabla ya chombo chochote kuletwa, na baadhi ya mazoea yetu inabidi yageuzwe. Tumefundishwa kudai kuliwasha gari likiwa baridi, kwa kuwa injini ya pistoni iliyochoka hujifichua asubuhi. Injini ya rota yenye kompresheni ndogo hujifichua ikiwa moto: inawaka vizuri asubuhi, kisha baada ya kuendeshwa na kuzimwa kwa dakika kumi, stata inazungusha na kuzungusha bila majibu. Kwa hiyo liendeshe lipate moto sawasawa, lizime, piga soga na muuzaji, liwashe tena. Kwa upande mwingine, RX-8 inayomisi kwenye yadi inaweza kuwa haina ubaya wowote. Injini hii ikiwashwa, ikasogezwa mita chache ili gari jingine lipite, ikazimwa kabla haijapata joto, plagi hulowa petroli. Na magari ya yadini huishi maisha hayo kila siku. Dawa yake ni kukanyaga mafuta mpaka chini wakati stata inazungusha, hapo petroli inakatwa na vyumba vinapumua. Muuzaji akijisifu kwamba gari lake halili oili hata tone, huo ni ushahidi dhidi yake, kwani injini hii imeundwa kula oili: kuna pampu inayoingiza oili kidogo kidogo chumbani kulainisha sili, na isiyokula huenda vijitundu vyake vimeziba. Fundi wa pistoni naye, akiona kijiti cha oili kimeshuka, atasema ringi zimekwisha kwenye injini isiyo na ringi za pistoni.

Ukivuka hayo yote na bado unalitaka gari, mlipe fundi akupimie, umlipe hata kama jibu ni usinunue. Akuandikie namba sita kwenye karatasi, kasi ya stata wakati wa kupima, na mji ambamo kipimo kilifanyika. Muuzaji asiyetaka gari lake lipimwe ana haki hiyo, lakini bei mtakayoanzia kujadiliana iwe ya gari lisilo na injini.